Manukato ya Ufaransa Kaburini kwa Baba Mkwe

Leo nimemwangusha baba mkwe wangu. Alikuwa ameshafariki, kwa hiyo hakuumia. Walioumia ni wengine, wa kwanza mimi.

Nianze asubuhi. Mimi nanunua na kuuza vitunguu Singida mjini, na harufu ya kitunguu haitoki kwa kuoga. Ukweni kwangu, Kinyangiri, wamenivumilia hivyo miaka minane (nimehesabu upya, ni minane). Baba mkwe, mfuga nyuki, hakuwahi kunipa mkono bila kuunusa wake baadaye. Lakini siku mbili kabla hajakata roho aliagiza kwamba kaburini kwake kamba moja nishike mimi. Kamba za kushushia jeneza hushikwa na wana wa marehemu. Maana yake nilikuwa nimekuwa mwanawe, dakika za mwisho kabisa.

Nikasema leo siendi na kitunguu. Kabatini nina chupa ya manukato ya Ufaransa, yale ya watu wenye madereva. Niliipata kwa jamaa mmoja aliyekwama. Nilimbana bei mpaka akaniomba niichukue tu niondoke machoni pake. Alinielekeza nibonyeze mara mbili, inatosha, haitoki mpaka kesho yake. Kitu kizuri namna ile, mara mbili ni kukitukana. Nilibonyeza mara kumi na moja. (Mke wangu anasema kumi na tatu. Mbili zilikuwa za soksi, mimi sizihesabu.)

Niseme kweli, yale si mafuta ya kawaida. Yanaanza na ganda la chungwa. Tunakaribia Kinyangiri, yamegeuka ua jeupe ambalo sijui linaota wapi, Singida halipo. Tunaingia msibani, yamebaki kama asali iliyomwagikia kiti cha ngozi. Kwa mara ya kwanza ukweni nilijiona mtu. Niliwapa wazee shikamoo nikiwa nimenyoosha mgongo. Mmoja aliitikia amefumba macho.

Kisha baba mdogo wa mke wangu akasimama kutangaza utaratibu. Marehemu anazikwa alikochagua mwenyewe, shambani, kwenye miti yenye mizinga yake. Nyuki wale hawataki harufu kali. Mtu wa kule analijua hilo tangu anatambaa, ila alitangaza kwa ajili ya wageni. Aliyejipaka chochote kinachonukia abaki nyumbani asaidiane na wapishi.

Nilisikia. Siwezi kusema sikusikia.

Nikaenda nyuma ya nyumba, nikajimwagia ndoo mbili na sabuni ya kufulia. Jamaa hakudanganya, kitu hakitoki. Nikapiga hesabu: nikibaki, kamba anapewa mwingine, na mimi namenya viazi siku niliyoitwa mwana. Nikapiga tena. Jibu lile lile. Nikafuata jeneza.

Kaburini tulikuwa watu sita, kamba tatu, jeneza hewani. Mwinjilisti anaomba. Nyuki wa kwanza akatua kwenye kola yangu, akatembea taratibu, kama mtu anayekagua gunia kabla ya kutaja bei. Nikahesabu: wawili. Nikahesabu tena: tisa. Shemeji yangu Elia, mtoto mkubwa wa marehemu, ndiye aliyeshika ncha ya pili ya kamba yangu. Akaninong'oneza bila kugeuza shingo.

"Shemeji, umejipaka nini?"

"Sabuni."

"Sabuni gani inaita nyuki?"

"Tushushe haraka tu, shemeji."

"Baba hashushwi haraka."

Hapo mmoja akanichoma kwenye kope. Mikono ikaachia yenyewe. (Nimejaribu kukumbuka vinginevyo, nimeshindwa.) Upande wa kichwani ukashuka peke yake, jeneza likagonga ukingo, likakwama kichwa chini miguu juu. Na mizinga ikaamka yote. Mwinjilisti alisema amina katikati ya sentensi na kuondoka. Watu wazima, wenye heshima zao, walijitupa kwenye alizeti. Kwa muda mrefu pale kaburini alibaki marehemu peke yake na nyuki wake.

Saa kumi walirudi wakamzika. Kamba yangu alishika mkwe mdogo, aliyeoa Pasaka hii. Mimi nilikuwa chini ya turubai natolewa miiba. Ishirini na sita. Mke wangu akarudia kuihesabu, akapata hiyo hiyo. Leo hatukubishana.

Mama mkwe hasemi nami uso kwa uso, ndiyo heshima ya kule. Alimtuma Elia, naye akasimama mbali kidogo akafikisha ujumbe kama ulivyo: "Mama anasema chakula chako kipo. Ukalie upande ule, upepo usilete huku."

Nikahama na kiti changu. Baadaye mke wangu akaja na sahani, akakaa chini karibu nami, macho yamemvimba, na sijui ni nyuki au ni baba yake. Nikamwambia niliogopa kunyimwa kamba. Akala matonge kadhaa kabla ya kunijibu.

"Ungesema tu," akasema. "Wangetangulia na moshi."

Jamani, mnaotaka kucheka chekeni kwa zamu na kwa sauti ya chini: jicho moja halifunguki, lakini masikio yote mawili ni mazima, nimeyakagua.