Cheti cha Uwazi

Ofisi ya viwanja ilikuwa imemzungusha mama yake Asali miaka mitatu: faili halionekani, bwana mkubwa yuko kikaoni, njoo wiki ijayo. Asubuhi hiyo miguu ilimkatalia, akamwandikia mwanawe namba ya kiwanja kwenye kikaratasi.

"Nenda wewe, baba. Mdomo unao."

Mdomo alikuwa nao kweli. Ndiyo maana mtaani walimwita Asali. Akakitia kikaratasi mfukoni bila kukisoma. Mlangoni mwa ofisi akakuta tangazo: WAKAGUZI WA UWAZI WATATEMBELEA OFISI ZOTE WIKI HII. Ndani makarani walikuwa mbiombio, wakirundika mafaili chooni. Asali akaisahau foleni, akamsahau na mama yake. Akaazima kalamu kwa mlinzi, akaichomeka mfukoni mwa shati, akaingia kwa bwana mkubwa bila kubisha hodi.

"Mkaguzi wa Uwazi," akasema, na jina akalitunga hapohapo, refu, la heshima. "Kwanza nionyeshwe choo."

Bwana mkubwa akalowa jasho. Yeye aliyewaanika wajane juani miaka nenda miaka rudi, sasa alimfutia Asali kiti kwa tai yake.

"Mheshimiwa, haya mambo yanazungumzika."

"Yanazungumzika. Cheti cha Uwazi mtapata. Ila mkaguzi naye ni binadamu, hana hata pa kujenga."

"Kumbe! Kipo kiwanja cha kona. Kuna mama mmoja anakifuatilia, lakini hana mtu."

"Kama hana mtu, shida iko wapi?"

Wakacheka pamoja, kama wachekavyo watu wazima wenye dhamana ya umma. Hati ikagongwa mhuri kwa jina lile la kutunga. Asali akavuka barabara hadi duka la kuchapisha, akarudi na cheti chenye nembo mbili, kikatundikwa ukutani. Akatoka kwa kishindo cha mkaguzi:

"Na orodha ya wamiliki ibandikwe nje, wananchi waione!"

Ikabandikwa.

Nyumbani alimkuta mama analia.

"Mwanangu, jirani kasoma ukutani. Kiwanja chetu kimeandikwa jina la mtu. Unamjua?"

Asali akakitoa kikaratasi, akakiweka kando ya hati. Namba ni ileile. Kukidai, lazima awe mtu asiyekuwepo duniani. Kukiri kwamba jina ni la kutunga, jela inamngoja. Mdomo wote ule, akaishia kukikunja kikaratasi ndani ya hati na kuvirudisha mfukoni.

Mama akafuta machozi.

"Kesho unipeleke, baba, hata kwa kunibeba. Nasikia kuna Mkaguzi wa Uwazi kaja, mkali, mtu wa haki. Nitamweleza yeye."