Ombi la Kuinuliwa Tena kwa Ngazi ya Basi la Lipingo

Lipingo,
Jumanne, wiki ya tatu ya Kwaresima, 1996.

Kwa Afisa Usafirishaji,
Mbinga.

Ndugu Afisa Sixbert,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini umeitikia hapo ulipo, hata kama ofisini mna watu. U hali gani, na mama watoto hajambo? Kile kikohozi chako cha utotoni, kilichokuwa kinakushika kila nilipokuuliza amri ya sita, kimekwisha? Sisi huku ziwani tu wazima, ila mke wangu Restituta anasumbuliwa na jino, na samaki wetu wa usipa mwezi huu ni wa kuhesabu.

Unisamehe kwa kukuita Ndugu. Nasikia tangu mageuzi yaingie wakubwa mnaitwa Waheshimiwa. Lakini mimi ndimi niliyekufundisha katekisimu ukiwa huna meno mawili ya mbele, kwa hiyo ulimi wangu unahitaji muda.

Ninakuandikia kama katekista wa kigango, na kama kiongozi wa Kikundi cha Simoni Mkirene, yule aliyemsaidia Yesu kubeba msalaba, kuhusu ngazi ya basi jipya. Iko chini mno. Tunaomba iinuliwe.

Labda utashangaa, basi nieleze. Unalikumbuka lile lori la abiria la zamani. Kampuni yake sitaitaja, maana imekwisha kufa na waliokuwa wafanyakazi wake bado wanangoja kuitwa walipwe. Sakafu yake ilinifika kifuani. Mwenye afya alikanyaga gurudumu, akashika kamba, akajirusha ndani. Asiye na afya alibebwa. Ndipo tukaanzisha kikundi, wanaume wanne. Mimi na Bernadi, kwa kuwa ni Wakatoliki, tulishika mabega. Meshack na shemeji yake, Waanglikana, walishika miguu. Mpango huo wa mabega na miguu ulichukua vikao vitatu, na Meshack hajauridhia mpaka leo. Mimi nilisema “Bwana”, tukainua. Wote wakaitikia “utuhurumie”, tukasukuma. Mtu mwembamba alikuwa ndani kabla hatujamaliza. Kwa mama mwenye mwili wake tulifika mpaka “Kristo, utuhurumie”.

Miaka kumi na mmoja tulifanya hivyo bila kuomba hata andazi. Mtu wetu mkubwa wa kubebwa alikuwa Othmar, fundi redio, ambaye miguu yake ilipooza akiwa mtoto na anatembea kwa magongo mawili. Kila wiki ya pili alipanda Mbinga kutafuta vipuri, na kila wiki ya pili tulimbeba.

Sasa soko huria limetuletea Bi Ottilia wa kijiji cha Ukata. Mwaka ule kahawa ilipopanda bei alinunua basi, akaliandika ubavuni ASANTE MAMA, akaomba njia yetu, akapewa. Mama yake mzazi alikuwa amepooza upande mmoja. Kwa sababu hiyo akamwagiza fundi wa kuchomelea ashushe ngazi mpaka shubiri moja kutoka ardhini, afunge chuma cha kushikia mlangoni, atengeneze ubao wa mninga unaoteremshwa kama daraja, na kiti cha mbele kiandikwe kwa rangi nyekundu: WAZEE NA WALEMAVU. Kondakta wake, mama mmoja anaitwa Avelina, akikuta mwenye miguu mizima amekaa hapo, anamsimamia kichwani mpaka ahame. Ameshamhamisha hata shemasi.

Hakuna aliyetuuliza sisi. Malalamiko yetu ni haya.

1. Matendo ya huruma yamekosa watu. Mtume Paulo anatuagiza tuchukuliane mizigo. Je, tumchukue nani? Wiki ya kwanza ya basi hili tulisimama kituoni wanne, mikono tumeikunjua, wazee wakapita mbele yetu mmoja mmoja wakikanyaga ule ubao, wakatusalimia, wakakaa. Bernadi aliuliza kwa sauti kama yupo anayejisikia vibaya. Wote wakasema hawajambo. Sasa ni Kwaresima, Ndugu Afisa. Mwaka jana wakati kama huu nilikuwa nimekwisha kuinua wagonjwa saba na bibi arusi mmoja. Mwaka huu nimejinyima sukari tu.

2. Wazee wamekuwa watembezi. Zamani Bibi Tadea alipotaka habari za mjukuu wake anayesoma Kigonsera, alinituma mimi, nami nilirudi na habari nimezipanga vizuri, mabaya mwisho. Mwezi uliopita alikwenda mwenyewe. Ana miaka themanini! Alirudi akatuambia kuwa mjukuu hafanyi vizuri hata kidogo katika hesabu, na kwamba haikuwa hivyo nilivyokuwa nikimweleza. Nilikuwa namficha kwa huruma. Huruma hiyo nayo imekufa.

3. Sasa naja kwenye jambo la Mama Herieth, ambalo huenda limekufikia kwa njia nyingine, tena limetiwa chumvi. Ukweli ni huu. Jumatano moja tulimwona mama mgeni kijijini karibu na mlango wa basi, ameinama, ameshika kifundo cha mguu. Wenzangu walikuwa hawajabeba mtu kwa wiki tano. Nilisema “Bwana”, na kabla sijavuta pumzi Mama Herieth alikuwa ndani, kwenye kile kiti cha maandishi mekundu. Alipiga kelele, lakini hata wagonjwa wa kweli walikuwa wanapiga kelele, hatukuona tofauti. Kumbe alikuwa anafunga kiatu. Kumbe alikuja kumsindikiza wifi yake, na nyumbani ameacha maharage jikoni. Basi likaondoka. Aliteremshwa kilomita nyingi mbele, mahali hana jamaa, akarudi jioni juu ya gari lililopakia mbao. Maharage yaliungua, na sufuria. Mumewe alikuja kwangu na maneno ambayo siwezi kuyaandika wakati wa mfungo. Nakuuliza wewe kama mtu wa sheria: lingekuwepo lori la zamani, lenye wagonjwa wanaoonekana kuwa ni wagonjwa, kosa hili lingetokea?

4. Othmar amebadilika. Zamani alikwenda Mbinga mara mbili kwa mwezi, sasa ni mara tatu kwa wiki. Ana wateja mpaka huko juu kwa Wamatengo. Amenunua kofia. Anatusalimia kutoka dirishani, sisi tuko chini, yeye yuko juu, “Habari zenu, akina Simoni!” na basi zima linacheka. Na katika mkutano wa kigango alinyoosha gongo kuomba nafasi, akasema hivi, nayanukuu: “Nawashukuru sana kaka zangu walionibeba. Mungu awazidishie. Ila katika miaka yote ile hakuna hata mmoja aliyeniuliza anishike wapi. Bernadi alikuwa ananifinya kwapa mpaka naona nyota.” Watu walicheka mpaka mwenyekiti akagonga meza. Nami nilicheka. Nilipofika nyumbani sikula. Wiki iliyofuata walimchagua kuwa katibu wa kigango, kwa sababu, walisema, ndiye anayefika parokiani kwa urahisi.

5. Hili la tano wenzangu hawajui kwamba naliandika. Lori la zamani halikuwa na saa. Tuliamka alfajiri tukalingoja, wakati mwingine mpaka adhuhuri, wakati mwingine mpaka kesho yake. Wengine walilala kwenye magunia ya usipa. Mimi na Othmar tulikaa juu ya sanduku lake la vifaa, tukaongea. Ndugu Afisa, katekista hana wa kumwambia mambo yake. Waumini wanakuja kwangu na yao, padri anakuja mara moja kwa mwezi na ana haraka. Restituta alipopoteza mimba ya tatu, mtu wa kwanza niliyemwambia ni Othmar, pale kituoni, naye akaizima ile redio aliyokuwa akiijaribu. Nilipokuwa na mashaka ya imani, mwaka wa ile njaa, nilimwambia yeye. Halafu lori likaja nikamshika mabega, “Bwana, utuhurumie”, nikamwinua. Nilikuwa naona kama ni yeye aliyenibeba, ila watu hawakuona.

Basi la Bi Ottilia linafika saa moja kamili asubuhi. Othmar anatokea saa moja kasoro dakika tano. Anapanda, kwaheri. Mtu mzima atasema nini ndani ya dakika tano? Nimeacha kwenda kituoni tangu sikukuu ya Epifania, mwanzoni mwa Januari. Nikafanye nini, nikapunge mkono?

Kwa hayo yote, na kwa kuwa sisi si watu wa kupinga maendeleo, kikundi kinaomba mambo yafuatayo.

Kwanza, ngazi ya basi iinuliwe ifike kifuani mwa mwanamume wa kimo cha kawaida. Ikionekana ni gharama, basi iwe Ijumaa tu, na hapo tutashukuru. Ule ubao wa mninga uhifadhiwe Mbinga mahali pakavu.

Pili, leseni ya Bi Ottilia iongezwe sharti kwamba kila mzee na kila mlemavu abebwe angalau mara moja kwa mwezi, apende asipende. Sisi tutauliza ashikwe wapi. Tumejifunza.

Tatu, basi lichelewe. Saa mbili zinatosha, tatu zingekuwa baraka. Najua wewe una uwezo wa kumwandikia mwenye gari kwa nini amewahi, kama vile mnavyowaandikia wengine kwa nini wamechelewa. Zamani serikali iliweza kuchelewesha gari bila hata kuandika barua, sidhani kama ujuzi huo umepotea wote.

Nne, kama haya matatu yanashindikana, basi apatikane mfanyabiashara mwingine kwenye soko hilo huria, mwenye gari bovu kiasi, ashindane na Bi Ottilia. Tunaambiwa ushindani ni mzuri kwa mwananchi. Sisi pia ni wananchi.

Wasalimie wote hapo ofisini, yule karani mwenye sauti ya tenori nimemkumbuka sana, na mama watoto, na watoto wenyewe, uwaulize kama wanaijua Sala ya Malaika. Bernadi anakusalimu. Meshack anakusalimu, anasema uandike kumbukumbu kwamba miguu ni mizito kuliko mabega.

Ni mimi mwalimu wako wa zamani, ninayekutaja katika rozari hata miaka ambayo hukuniandikia,

Erasmo Kumburu,
Katekista.

Nyongeza. Nilikuwa nimekwisha kulamba bahasha, sasa nimeifungua, usishangae kuona imechanika.

Leo jioni, jua bado lipo, basi la Bi Ottilia limesimama mbele ya nyumba yangu, mahali ambapo halijawahi kusimama. Nikamsikia Avelina anaita, “Teremsha ubao, fundi anashuka!” Nikatoka na kalamu mkononi. Alikuwa Othmar. Kutoka kituoni mpaka kwangu ni mwendo wa saa nzima, tena ni mlima, na miaka yote hiyo hajapata kufika. Sisi tulikuwa tunambeba kutoka chini mpaka ndani ya lori, basi. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba angependa kubebwa kwenda kutembelea mtu.

Amesimama uani, ameegemea magongo, anatazama. “Kumbe ndiyo nyumba yenyewe,” amesema. “Umenisimulia dirisha lile miaka na miaka, nikadhani ni dirisha kubwa.” Restituta amecheka, mwenye jino bovu, mara ya kwanza wiki hii. Othmar hajakaa, ameniuliza: “Wewe katekista, nimekukosea nini? Wiki tisa nakuwekea nafasi karibu na kile kiti. Avelina amechoka kuwafukuza watu. Mbinga ni saa nne kwenda na saa nne kurudi, mimi naongea na nani?”

Nikampa barua hii. Amecheka mpaka gongo likaanguka. Alipofika kwenye lile la tano ameacha kucheka. Ameisoma mara mbili, akaomba kalamu. Ameandika pembeni kwamba si miaka kumi na mmoja, ni kumi na miwili. “Ule wa kwanza mliniangusha mara mbili, ndiyo maana mmeusahau.” Nilitaka kuichana, amekataa. Anasema ipelekwe, kwa sababu mwandiko ni mzuri.

Amelala kwetu. Kesho asubuhi tunapanda Mbinga pamoja, yeye kwa vipuri, mimi nimpeleke Restituta kwa daktari wa meno. Kwa hiyo anayekukabidhi bahasha hii ni yule yule ninayemlalamikia. Mpe kiti.

Kuhusu ngazi, nakuomba usiiguse kwanza mpaka turudi. Na ukishatuona tumerudi, usiiguse pia. Lile la kuchelewesha basi sina haja nalo tena, safari ni ndefu ya kutosha.

Tafadhali unijibu mapema. Majibu mpe Othmar.

E.K.