Uzi Nyuma ya Kabati

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Naandika kwa sababu hamna wa kumwambia. Nikimwambia dada, atamwambia mumewe. Shemeji akishajua jambo, limeshafika sokoni.

Kazi yangu ni kutunza chumba cha roboti pale shuleni. Nafungua, nafagia, nachaji betri. Mwalimu wa humo, mama mmoja mpole, wanafunzi wamempa jina la Injinia, naye kalizoea. Darasa la saba wakiingia, mi najifanya nafuta vumbi nyuma ya kabati. Hamna vumbi. Lilishakwisha zamani. Nasikiliza. Shule niliiacha kabla sijaelewa mabano ni ya nini, lakini pale nyuma vitu vinaingia kichwani. Leo nimeelewa kwa nini gurudumu dogo la meno linakimbia likizungushwa na kubwa. Nikatabasamu, mi na kabati.

Sasa balaa. Mwalimu wa kwaya anakitaka chumba. Kamwambia mwalimu mkuu kwamba waimbaji wake wanabanana kule stoo kama miguu kwenye viatu vya mwaka juzi. Ikaamuliwa kamati ya wazazi ije Ijumaa ijionee. Roboti ya watoto ikifuata utepe mweusi sakafuni mpaka ikampa mwenyekiti boksi la chaki, chumba ni chetu. Isipofika, ni cha kwaya. Na kwaya haina betri za kuchaji. Shemeji ananisubiri, anauza viatu barabarani, anataka mtu wa kuita wateja kwa sauti. Mimi. Mimi ambaye nikikanyagwa mguu nasubiri mwenyewe agundue.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Roboti inacheza kama meza mbovu. Dawa naijua. Watoto walipokwenda kula nikashika bisibisi, nikakaza kila skrubu mpaka mkono ukaniuma. Kitu kilichokazwa hakianguki.

Hakikuanguka. Hakikusogea pia. Kilinguruma tu, kama babu aliyekatazwa kutoka nje. Nikafuta vumbi kwa bidii.

Kuna binti mmoja wenzake wanamwita Kwanini. Hapokei jibu mpaka aligeuze aone chini yake kuna nini. Alitaka wafumue mota yote. Injinia akamwambia taratibu mama, jana ilitembea, leo haitembei, nini kimebadilika? Gusa kimoja, jaribu, ndiyo uguse kingine. Wakalegeza skrubu moja, wakajaribu. Nyingine, wakajaribu. Ilipofika zamu ya ile inayobana ekseli, kile chuma kinachobeba magurudumu, yakaachia. Walishangilia kuliko siku ile ilipotembea mara ya kwanza. Hilo sikulitegemea.

Injinia akauliza nani kakaza. Nikageuza kitambaa, nikafutia upande wa pili. Akasema kukaza si kosa, ila kukaza ukanyamaza unawapotezea wenzio muda. Humu ndani asiyejua anasema sijui, na hakuna kesi. Kwanini akaniangalia. Nikaangalia dari. Ina utando wa buibui, nitaushughulikia.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Mwalimu wa kwaya kaja na futi kupima ukuta. Eti anapima tu, kupima si kuhamia. Injinia akamkaribisha, tena akamshikia ncha ya pili ya futi. Watu wapole sijui wanaishije.

Alipoondoka nikamuuliza Injinia, chini chini, kama haogopi. Kasema anaogopa sana. Lakini roboti ikikwama mbele ya wazazi, watoto watatafuta kosa, na kutafuta kosa ndiyo uhandisi wenyewe. Nikaitikia ndiyo mwalimu. Njiani nikawaza. Huyu mama ana roho nzuri, na roho nzuri haina mlango wala dirisha. Nani ampe mtu chumba kwa sababu kakwama vizuri?

Nimenunua uzi wa nailoni, ule usioonekana. Nitaufunga mbele ya roboti kabla watu hawajaingia. Mi nitakaa ndani ya kabati, karibu na kiti cha mwenyekiti. Ikikwama, navuta.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Nilijifungia mapema, mi na mafagio.

Roboti ikaondoka vizuri, taratibu, boksi la chaki mgongoni. Nikawa nakusanya uzi. Kitu ambacho sikukifikiria: utepe una kona, uzi hauna. Watoto walishaifundisha roboti isimame kidogo kwenye kona, itazame, ndiyo igeuke. Ikasimama. Nikadhani imekwama. Nikavuta.

Ikatoka kwenye utepe. Ikarudi nyuma kuutafuta. Nikavuta. Ikarudi. Nikavuta kwa nguvu zaidi. Chaki zikamwagika chumba kizima. Mwalimu wa kwaya akakohoa, kikohozi kilichofanyiwa mazoezi.

Kwanini akapiga magoti. Akawauliza wenzake, haya, asubuhi ilienda, nini kimebadilika? Betri? Mmoja akapima, nzima. Utepe? Haujabanduka. Kile kijicho cha tumboni kinachouona utepe? Kisafi. Akapitisha kidole mbele ya roboti, kikanasa. Akaufuata uzi polepole, kama mtu anayekunja kamba ya nguo, mpaka kwenye kabati. Akafungua.

Mwenyekiti ni mama anayeuza simenti. Akauliza na huyu nani. Kwanini akajibu, shikamoo mama, hili ndilo kosa, tumelipata.

Walicheka mpaka mwalimu mkuu akavua miwani. Kwanini akaukata uzi kwa meno, akapanga chaki upya, akairudisha roboti mlangoni. Ikaenda yenyewe, kwenye kona ikasimama, ikatazama, ikageuka, ikafika. Mwenyekiti akalishika lile boksi muda mrefu. Akasema kauza simenti miaka mingi, kaona kuta nyingi zikianguka, na kila mara mafundi wanatafuta kwanza wa kumlaumu. Hawa wametafuta kosa. Chumba kibaki.

Nilijua mimi sibaki. Injinia akanitoa mafagio mabegani. Akasema kwa sauti ya kusikika na mimi tu, mdogo wangu, siku zote unafuta vumbi nyuma ya kabati na kiti kitupu kipo. Jumatatu ukae.

Kumbe alikuwa anajua. Nikaokota chaki.

Usiku nimepiga hesabu. Bila uzi hamna kosa. Bila kosa hamna kutafuta. Bila kutafuta, yule mama wa simenti angeshika boksi la chaki akaenda zake. Chumba nimekiokoa mimi. Sitawaambia, watu hawapendi kudhalilishwa.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Nimekaa. Kiti ni cha watoto, magoti yanagusa kidevu. Kwanini yuko pembeni yangu, ananiita kaka.

Kazi ya leo: kila mtu na kibao chake, betri, waya, taa. Uiwashe. Yangu haikuwaka. Neno lilikuwa moja tu la kusema, fupi, limeshafika kwenye meno. Sijui. Kwanini akaniuliza vipi kaka. Nikamwambia iko sawa, naipumzisha.

Alipogeuka kuchukua koleo, nikabadilisha kibao changu na chake.

Injinia kapita, kaona taa yangu inawaka. Alifurahi, alifurahi kweli, macho yakamlegea kama mtu aliyepokea mgeni wa mbali. Kwanini akaitazama ile iliyozima mbele yake. Akanitazama. Akaanza kugusa waya mmoja mmoja mpaka ikawaka.

Injinia kasema kesho nisimame mbele niwaeleze wenzangu yangu niliiwashaje.

Kesho nitaumwa tumbo. Nimeanza kulishika tangu jioni hii, dada asije akashtuka.