Madirisha ya Mkunga

Asubuhi ile Kinanda hakuwa na safari yoyote. Alikuwa anamkwepa mtu upande wa sokoni, akakata kona mbili tatu bila kutazama, na kona ya mwisho ikamtema katika mtaa wa kale ambao hakuwahi kuutia mguu. Nyumba zilikuwa za ghorofa moja, zimeungana ubavu kwa ubavu, ukuta wa huyu ndio ukuta wa yule, kama watu waliobanana kwenye benchi wakisubiri kupigwa picha. Mwanzoni mwa mtaa halmashauri ilikuwa imesimamisha bango. Eneo hili ni la hifadhi, bango lilisema, na ni marufuku kubadilisha mlango, dirisha au hata rangi ya ukuta bila kibali.

Wewe na mimi tungesoma bango lile tukapita zetu. Kinanda alilisoma mara mbili, akavua kofia kwa heshima. Aliona mtaa mzima wa watu wanaoogopa halmashauri, na watu wanaoogopa kitu fulani ndio walikuwa shamba lake tangu ujana.

Jina la Kinanda alipewa na mji kwa sababu ya mdomo. Ungembonyeza popote, sauti ingetoka, tena tamu. Aliwahi kumuuzia kinyozi mashine ya kunyolea ya kinyozi yuleyule, na kinyozi akamshukuru kwa kumpunguzia bei. Hakuwa mtu mbaya wa kutisha. Hakuwahi kuinua mkono dhidi ya mtu. Alichokosa ni ile subira ya kupata kitu kwa njia ndefu.

Katikati ya safu ile palikuwa na nyumba ambayo mlango wake ulimsimamisha. Ulikuwa wa mbao mbili nzito, weusi wa umri, wenye nakshi pembeni na njumu za shaba. Madirisha yake, chini na juu, yalikuwa ya aina hiyohiyo. Kinanda alimfahamu mzee mmoja mwenye duka la vitu vya kale karibu na hoteli kubwa, na alijua kuwa milango kama ile wenye hoteli huigombania waigeuze meza. Akaenda kwake siku hiyohiyo. Mzee wa Vikale alisikiliza maelezo, macho yakamng'aa, akataja bei iliyomfanya Kinanda atafute kiti. Kisha akauliza mzigo wenyewe uko mtaa gani. Kinanda akacheka tu, akasema mzigo una mwenyewe. Aliogopa mzee asije akaenda kununua moja kwa moja na yeye akabaki na mate mdomoni.

Basi akajitengeneza kuwa ofisa wa halmashauri. Alikuwa na suti ya kijivu aliyoiita suti ya kazi, akaazima kofia ngumu ya ujenzi, akabeba futi ya chuma kiunoni. Shingoni alining'iniza kitambulisho alichobaki nacho baada ya semina ya ufugaji wa kuku, upande wa kuku ukiangalia kifua.

Aliyemfungulia alikuwa mama mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikuwa mkunga mstaafu, na nusu ya mji ilipita mikononi mwake. Mpaka siku ile alimtazama kila mtu kama anayesubiri alie ndipo aridhike kuwa ni mzima.

"Mmechelewa," alisema.

Kinanda alikuwa amejiandaa kwa maswali yote, lakini si kwa hilo.

"Niliambiwa mtakuja kwa ajili ya madirisha tangu mwezi uliopita. Ingia ndani, mwanangu, ukae. Umekonda."

Kwa mtu wa kazi yake ile ilikuwa bahati ya mwaka, na Kinanda hakuwa mtu wa kuiuliza bahati imetoka wapi. Alikaa, akapewa chai, akajieleza kwa sauti ya mtu anayelipwa na serikali. Palikuwa na mpango mpya wa kuokoa milango ya mtaa, alisema, na nyumba hii imechaguliwa kuwa ya kwanza. Mlango na madirisha yote yatang'olewa, yapelekwe karakana kutibiwa wadudu, na mwenye nyumba halipi hata senti. Kwa muda huo nafasi zitazibwa kwa mbao nyembamba.

Mkunga aliacha amalize. Akamwongezea chai. Kisha akasema kwa upole kwamba yeye ni mtu mzima anayeishi peke yake, na hawezi kulala ndani ya boksi. Kama halmashauri inataka vya zamani, kwanza ilete vipya. Viwe vya mninga, vipimo vilevile, nakshi ileile, kama kanuni za hifadhi zinavyotaka. Vikishafungwa na kujaribiwa, hivi vya zamani wachukue moja kwa moja, hatavidai tena.

"Kanuni unazijua kuliko mimi," alimalizia. "Si ndiyo kazi yako?"

Kinanda angewezaje kukataa? Alimeza chai akapiga hesabu kichwani. Mninga ulikuwa ghali, fundi naye atataka chake, lakini bei ya Mzee wa Vikale ingelipa vyote hivyo na kumbakizia maisha ya starehe mpaka masika. Na neno lile la "hatavidai tena" lilimwingia kama muziki, maana lilimwondolea hata shida ya kutoroka. Akaahidi vyote alivyotajiwa, akainama kumshika mkono mkunga kwa shukrani, akatoka akipiga mluzi.

Fundi aliyemwendea alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake, seremala mwenye karakana yake mwenyewe na maneno machache sana. Kinanda alipoutaja mtaa na kuieleza nyumba, shemeji aliacha kupiga randa. Alimtazama Kinanda, akapuliza takataka za mbao mezani, akaendelea. Aliuliza jambo moja tu, nani analipa. Kinanda akajipiga kifua. Shemeji akasema basi apewe fedha ya mbao na ya mikono kabla ya kushika msumeno. Ilipoonekana kama ana neno jingine la kusema, Kinanda akamwahi, akamwambia kwamba kazi ya fundi ni kupima na kukata, mengine si ya kumsumbua.

"Sawa," alisema shemeji.

Kwa hiyo pikipiki ikauzwa. Ilikuwa kitu pekee ambacho Kinanda aliwahi kukinunua kwa njia halali, au karibu na halali, na aliitazama ikiondoka na mtu mwingine hadi ilipopotea. Mninga ukaja. Shemeji akaanza kupasua na kuchonga, na kazi yake ilikuwa safi kiasi kwamba wapita njia walisimama mlangoni mwa karakana.

Lakini mkunga alikuwa na macho. Fremu ya kwanza ilipoletwa, alipitisha kidole pembeni akasema bawaba za chuma zitashika kutu, na kanuni zinataka shaba. Kinanda akauza televisheni. Vioo vilipokuja akavinyanyua juani, akasema hivi vina mawimbi, vinamfanya jirani aonekane ana vichwa viwili, virudishwe. Wauza vioo hawakurudisha kitu, wakauza vingine. Hapo ndipo suti ya kijivu ilipoondoka. Kinanda akawa anakuja kukagua kazi kwa fulana, kofia ngumu bado kichwani, na mkunga akawa anamkaribisha vilevile, anamwekea chakula, anamuuliza kama analala vizuri. Siku moja alimwambia apumue taratibu, itapita. Kinanda alipumua. Alishangaa kuona inasaidia.

Hatimaye siku ya kufunga ikafika. Shemeji alitoa vya zamani kimoja kimoja na kuweka vipya mahali pake, na kila dirisha jipya lilikaa kwenye ukuta kana kwamba lilizaliwa humo. Kinanda alisaidia kupakia vya zamani kwenye pikapu ya kukodi. Aliposhika upande wa mlango mkuu akajiandaa kuumia mgongo, lakini mlango ukanyanyuka kirahisi mno, karibu umwangushe kwa nyuma. Alisimama kidogo akiwaza. Kisha akajipa jibu mwenyewe kwamba mbao za kale zimekauka miaka mingi, maji yote yameisha, lazima ziwe nyepesi. Lilikuwa jibu zuri. Alikuwa amewapa watu wengine majibu mabaya zaidi ya hilo na wakalipa.

Mzee wa Vikale alikuwa barazani mwa duka lake pikapu ilipoingia. Alizunguka mzigo mara moja. Akachomoa funguo mfukoni, akakwaruza mahali padogo chini ya nakshi. Chini ya ule weusi wa umri palitokea ubao mweupe kabisa, msonobari mchanga, wa kutengenezea makreti. Mzee akanusa kidole.

"Polishi ya viatu," alisema. "Umevitoa wapi?"

Sasa hapakuwa na sababu ya kuficha. Kinanda alitaja mtaa, akataja nyumba, akaeleza kwa sauti iliyokuwa ikipungua kwamba ni nyumba ya mkunga mstaafu. Mzee wa Vikale akakaa chini kwenye ngazi, akacheka mpaka akavua miwani. Mlango halisi wa nyumba ile na madirisha yake yote alivinunua yeye mwenyewe mwaka juzi, alisema, akaviuza hotelini, na mpaka leo watu wanakula juu yake. Mama yule alikuwa anavujiwa na paa, na halmashauri iliyokuwa na bango la mlango haikuwa na fungu la paa. Akauza milango, akaezeka nyumba, akaweka vya kuigiza ili mtaa usione pengo.

"Ungenitajia mtaa siku ile," alisema Mzee wa Vikale, "ningekwambia bure."

Kinanda alimwachia dereva wa pikapu vile vipande vyote badala ya nauli, na hata dereva alivipokea kwa kusitasita. Akarudi mtaani kwa miguu. Njiani hasira ilimpanda kama homa. Alipanga maneno ya kumwambia yule mama, maneno makali, na ilimchukua nusu ya safari kutambua kwamba hakuna hata moja linaloweza kusemwa na mtu aliyejifanya ofisa wa halmashauri.

Alipofika, ofisa wa kweli alikuwa amesimama mbele ya nyumba. Alikuwa mwanamke mwenye viatu vya vumbi na futi ya chuma kama yake, ila hii ilikuwa imechakaa kwa kazi. Alikuwa anapima dirisha la chini, uso umemlainika. Mkunga alimwona Kinanda, akamwita karibu kwa mkono kama anayemwita mjukuu.

"Huyu ndiye aliyegharamia," alimwambia ofisa. "Mninga, shaba, vioo, kila kitu. Hakunitoza hata senti."

Ofisa akamshika Kinanda mkono kwa mikono yake yote miwili. Alisema ukweli ni kwamba alikuja kumfikisha mama huyu mahakamani. Walishagundua mapema kwamba mlango na madirisha yake ni ya bandia, wakampa muda wa kurudisha vya mninga kama vya asili, na muda wenyewe ulikuwa unakwisha wiki hii. Alikuwa ameona watu wengi wakitozwa faini na hata kupoteza nyumba, lakini hakuwahi kuona kijana akijitolea hivi. Majirani walikuwa wameanza kutoka milangoni. Mmoja aliuliza kama na yeye anaweza kuandikishwa.

Kinanda alitabasamu kwa misuli yote aliyokuwa nayo. Ofisa alipoingia ndani kukagua madirisha ya juu, akamgeukia mkunga.

"Ulijua tangu lini?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nilishuku ulipotaka kuokoa vitu ambavyo halmashauri inajua ni vya bandia. Uliponishika mkono kuaga nikawa na hakika. Kitambulisho kiligeuka, nikaona jogoo." Alimpangusa vumbi la mbao begani. "Mimi nilikuwa silali, mwanangu. Ukaja mwenyewe na miguu yako. Ningekufukuza kwa nini?"

Shemeji alikuwa kando ya barabara, anafuta randa kwa tambara. Kinanda akamwendea. Alitaka kupiga kelele, ikatoka sauti ya mtu aliyechoka.

"Shemeji. Vile vya msonobari, uliwahi kuviona kabla?"

"Nilivitengeneza mimi."

"Na hukuniambia?"

"Nilitaka. Ukasema fundi apime na kukata." Akafunga sanduku la vyombo. "Mama wa watu alikuwa ananilaumu mimi mwaka mzima, kwamba bandia zangu ziligundulika. Nilikuwa nashindwa hata kupita mtaa huu. Dada yako kapika. Twende."

Kinanda hakwenda mara moja. Alirudi mpaka kwenye ule mlango, akausukuma kwa vidole viwili. Ulikuwa mzito, mzito wa haki, lakini ulifunguka bila mlio na kurudi bila mlio, ukakaa kwenye fremu kwa mguso mdogo kama mtu anayefumba macho. Alirudia. Humo ndani mlikuwa na pikipiki, televisheni na suti ya kijivu. Ikamjia, na wala hakuipenda fikra hiyo, kwamba aliwahi kuingia nyumba hii akamwahidi mwanamke mzee mlango mpya na madirisha mapya ya mninga, kwa kanuni zote za hifadhi, bila kulipa hata senti, na kwamba kati ya ahadi zote alizowahi kutoa maishani hii ndiyo ya kwanza aliyoitimiza neno kwa neno.

Alisimama pale akiusukuma mlango mpaka shemeji akamwita mara ya pili.