Mgeni Rasmi wa Mianzi Stars

Remmy alifika Njombe kuuza miche ya parachichi ambayo haikuwa ya parachichi. Kosa lake lilikuwa kuchagua mji ambako hata mtoto wa chekechea anaujua mche wa parachichi kwa jani lake, kwa hiyo biashara ilikata roho kabla ya chai ya saa nne. Akaingia kwenye mgahawa jirani na stendi, si kwa njaa bali kwa baridi, maana suti yake ilishonwa kwa ajili ya Dar es Salaam, na baridi ya Njombe ya mwezi wa tano haina habari na mshono.

Ndani watu walikuwa kimya. Maandazi yalikuwa mezani hayajaguswa. Remmy aliiheshimu sana misiba, kwa sababu mtu mwenye huzuni huwa hakumbuki kushika mfuko wake, akasogea karibu na jamaa mmoja mnene aliyevaa koti la bucha.

"Pole, kaka. Nani katutoka?"

"Bado hajatoka," alisema yule jamaa, Amon, muuza nyama. "Ila anatoka. Timu yetu inauzwa."

Ndipo Remmy alipopata habari za Mianzi Stars. Timu ilikuwa Ligi Kuu kwa msimu wa pili, na mwenye timu, mzee Methusela wa mbao, alikuwa amesema redioni kwamba amechoka kulipa mishahara peke yake wakati mji mzima unashangilia bure. Akasema atauza, na atakayenunua aihamishie anakotaka. Tangu siku hiyo mji haukulala. Wengine walisema timu inakwenda Geita, wengine Dodoma, na Amon aliapa kwamba inakwenda Makambako.

"Dodoma ningevumilia, ni makao makuu," alisema Amon. "Lakini Makambako, kaka? Watutambie kila siku ya soko? Na Jumapili sisi tukitoka kanisani tunakwenda uwanjani. Sasa tukitoka kanisani twende wapi, turudi kanisani?"

Hakuna aliyecheka. Yule bwana alikuwa karibu kulia, na kwa kweli alikuwa na haki ya kulia, maana mji mdogo ukishazoea kutajwa redioni kila wiki, halafu usitajwe tena, unajisikia umefutwa.

Remmy alikoroga chai yake taratibu. Hapa inafaa tusimame kidogo kwa heshima, kama watu wanavyosimama bendera ikipandishwa, kwa sababu uongo mkubwa ulikuwa unazaliwa.

"Nilikuwa sitaki kusema," alisema. "Wakala wa huyo mnunuzi ni mimi."

Wakampeleka mbiombio kwa Mama Hulda. Mama huyu alikuwa anauza viazi kwa jumla, ni mzee wa kanisa katika usharika wake, na ni mwenyekiti wa mashabiki. Sauti yake moja iliendesha kwaya na jukwaa, na mabeki wa timu walikuwa wanamwogopa kuliko kocha.

"Kamwene," alimsalimu. "Huyo tajiri wako anaitwa nani?"

"Shikamoo, mama. Jina lake ni siri ya biashara."

"Marahaba. Na sisi tufanye nini ili atuachie timu?"

"Ameshaingia gharama. Mkimrudishia gharama zake kidogo tu, mimi nitauchana mkataba mbele ya macho yenu. Siwafanyii biashara, mama. Nimewaonea huruma."

Mama Hulda alimtazama kuanzia kiatu hadi kola, kama anavyotazama gunia la viazi lililojazwa vizuri juu tu.

"Basi Jumamosi tutafanya harambee uwanjani," alisema. "Wewe ndiye utakuwa mgeni rasmi."

"Na mchango nitakabidhiwa palepale?"

"Mgeni rasmi ndiye anayefunga shughuli, mwanangu."

Remmy alitoka amevimba kichwa. Alishaitwa majina mengi katika vituo vingi vya polisi, lakini mgeni rasmi hajawahi.

Mtu mwenye akili ya kawaida angesubiri Jumamosi. Remmy aliona ni uvivu. Kama Njombe wanaogopa timu kwenda Makambako, aliwaza, basi Makambako kuna watu wanaoitaka. Kesho yake alikuwa njia panda ya Makambako, ndani ya ghala la mahindi la bwana Hilary, mtu mfupi mwenye tambo nyingi.

"Timu iko njiani kuja kwenu," Remmy alimnong'oneza. "Imebaki kusukumwa kidogo."

"Isukumwe," alisema Hilary, na siku hiyohiyo akawapitia wafanyabiashara wenzake. Jioni Remmy alikabidhiwa begi jeusi lililoshiba vizuri.

"Ila bosi wangu, siri. Njombe wakisikia, mambo yameharibika."

"Nimekufa, nimezikwa," aliapa Hilary.

Remmy alijua mengi kuhusu binadamu. Alijua nani mchoyo, nani mwenye haya, nani anapenda kuitwa mheshimiwa. Jambo moja hakulijua, kwa kuwa hakukulia huku: mtu wa Makambako akipata habari ya kuikera Njombe, hawezi kulala nayo. Itamkaba. Hilary alikuwa ananunua viazi vya Mama Hulda miaka yote, na miaka yote walikuwa wanataniana mpaka wateja wanasahau walichofuata. Basi la Remmy lilikuwa halijatoka stendi, Hilary akapiga simu.

"Mama Hulda, andaa turubai. Mna matanga huko."

"Ya nani tena?"

"Ya Mianzi Stars. Tumeshainunua. Kuna kijana kutoka Dar, mpole, ana suti nyembamba..."

Upande wa pili kikasikika kiti kikivutwa.

"Hilary baba," alisema Mama Hulda, "huyo kijana umeshampa hela?"

"Mkononi."

"Basi kaa chini kwanza."

Walizungumza mpaka salio la Hilary likaisha, kisha Mama Hulda akampigia yeye, jambo ambalo kwa watu wanaomfahamu mama huyu lilionyesha uzito wa hali.

Jumamosi uwanja ulijaa. Huku kwetu harambee haiendi kwa bahasha tu. Watu huleta walichonacho, kama wanavyoleta sadaka kanisani siku ya mavuno, kisha kinapigwa mnada papo hapo. Kulikuwa na magunia ya viazi, matenga ya parachichi, mbuzi mmoja mkaidi, na dumu la ulanzi, pombe ya mianzi, ambalo wazee wa kanisa walilipita wakiangalia mawinguni. Remmy aliketi meza kuu na skafu ya timu shingoni. Tiketi ya basi la Dar la alasiri ilikuwa mfukoni, begi la Makambako lilikuwa miguuni, na mbele yake liliwekwa beseni kubwa la bluu, ambalo yeye alikuwa analiita langu moyoni.

Mama Hulda alishika kipaza sauti, akainua jogoo mwekundu. "Tunaanza na huyu. Nani ana elfu kumi?"

Watu wakaanza kusogeza dau kwa elfu moja moja. Remmy aliona kwa mwendo ule beseni litajaa Krismasi. Kule minadani Kariakoo aliwahi kuajiriwa kupandisha bei ili wenye tamaa wafuate, na leo hakuwa na cha kupoteza: hela ikitoka kwenye begi lake inaingia kwenye beseni lake.

"Laki moja," alisema.

Vigelegele. Akasubiri mtu aseme laki na kumi. Hakuna aliyesema.

"Mbona wamenyamaza?" alimuuliza Amon aliyekaa kando yake.

"Dau la mgeni rasmi hatulipandii, mheshimiwa. Itakuwa tumekudharau."

Remmy akalipa huku akitabasamu. Noti zikatua kwenye beseni.

"Mgeni wetu," aliuliza Mama Hulda, "jogoo unaondoka naye au unamrudisha?"

"Anarudisha," uwanja mzima ulimjibia. Amon akaeleza kwa upole kwamba mnunuzi muungwana hukirudisha alichonunua ili kiuzwe tena, na kwamba hajawahi kutokea mgeni rasmi aliyeondoka na kuku. Remmy akarudisha.

"Safari hii tunaanzia mgeni alipoishia," alisema Mama Hulda, kisha akanyamaza. Uwanja nao ukanyamaza. Macho yote yakaelekea meza kuu.

"Sasa kuna nini?" aliuliza Remmy.

"Wanakusubiri," alinong'ona Amon. "Nani atangulie mbele yako?"

Jogoo akauzwa tena kwa mgeni rasmi, akarudi, akauzwa tena. Ikawa zamu ya mbuzi, halafu parachichi. Kila noti ilipotoka, kwaya iliimba ubeti, na lazima tukiri kwamba zile sifa zilimlevya Remmy. Alipunga mkono. Akawasimamisha watu kwa utani. Alitaja madau ambayo hata yeye mwenyewe yalimshtua, na kila alipoanza kuogopa alilitazama beseni jinsi linavyonenepa akatulia. Mashabiki nao walichanga vya kwao, mia mbili kwa mia tano, wakipita mbele kwa kucheza. Begi lilipokwisha, akavua koti la suti akalitoa nalo lipigwe mnada, kwa imani kwamba litarudi. Amon akalinunua, akalivaa, likambana, na hakulirudisha.

Remmy akasimama, akanyoosha mikono miwili kulipokea beseni.

"Kabla mgeni hajafunga shughuli," alisema Mama Hulda, "yupo mwenye mali."

Kutoka vyumba vya wachezaji akaja mzee Methusela mwenyewe, wachezaji wakimfuata, na nyuma yao Hilary wa Makambako, amenuna kama mtoto aliyenyimwa nyama. Remmy akaishusha mikono. Mzee Methusela alishika kipaza sauti.

"Nilisema nauza kwa hasira," alisema. "Tangu nimesema, hajatokea mnunuzi hata mmoja. Nilidhani hii timu ni mzigo wangu peke yangu. Leo nimewaona." Akalinyanyua beseni, akampa nahodha. "Hii ni mishahara yenu. Timu haiendi popote."

Kelele zilizofuata zilisikika hadi Uwemba. Watu wazima walikumbatiana. Amon alilia waziwazi ndani ya koti la watu, mpaka mshono wa mgongoni ukaachia.

Mama Hulda akazima kipaza sauti, akamsogelea Remmy.

"Ule mkataba, mwanangu. Uliahidi kuuchana mbele ya macho yetu."

"Mama..."

"Watu wanasubiri. Na Hilary pale anasubiri kwa hamu zaidi. Namzuia mimi."

Remmy alipapasa mfukoni. Karatasi pekee aliyokuwa nayo ilikuwa tiketi ya basi. Akaitoa, akaiinua juu watu wote waione, akaichana vipandevipande. Walimpigia makofi kuliko walivyowahi kumpigia mshambuliaji yeyote.

Ikabaki Makambako, ambao hela yao ndiyo iliyonunua jogoo yuleyule mara nyingi. Kuwarudishia isingewezekana, wachezaji walishaanza kugawana. Mzee Methusela na Hilary walivutana pembeni, wakatoleana maneno, wakataniana, na mwisho wakakubaliana: mechi ya mwisho ya nyumbani itachezwa Makambako. Wakubwa wa ligi walikagua uwanja, wakaridhia. Remmy akapewa taarifa kwamba ni mgeni rasmi huko pia. Hakuwa na koti wala nauli, na Mama Hulda alikuwa amempa kazi ya kupakia viazi mpaka siku hiyo ifike, kwa hiyo hakuona namna ya kukataa.

Siku ilipofika walimpandisha basi la timu, kiti cha mbele, kati ya Mama Hulda na Hilary. Njiani alihesabu mambo yake akaona aibu iliyompata. Njombe aliwauzia timu ibaki, na imebaki. Makambako aliwauzia timu ije, na inakuja. Katika kazi yake yote hajawahi kumuuzia mtu kitu halafu mtu akakipata, na sasa alikuwa amewauzia watu wa miji miwili, wote wakapata.

Mechi ilikuwa ngumu. Mianzi Stars walihitaji sare tu wasishuke daraja, na hadi dakika za mwisho walikuwa nayo, bila kwa bila. Ndipo mwamuzi akawapa wapinzani penalti, kwa kosa ambalo beki wa Mianzi hakulifanya. Uwanja ulipigwa butwaa. Aliyesimama wa kwanza, mishipa ya shingo imemtoka, alikuwa mgeni rasmi.

"Tapeli huyo," alipiga kelele Remmy. "Mnamwacha? Watu wamechanga, watu wametoa kuku wao, halafu anakuja mtu na filimbi kuwaibia mchana kweupe?"

Hilary alimgeukia, akamtazama kuanzia kiatu hadi kola. Mama Hulda alimvuta shati akakaa. Mpira ukawekwa kwenye nukta. Remmy akafunika uso kwa mikono yake miwili iliyojaa vumbi la viazi.

"Ikishapigwa niambie, mama," alisema. "Mimi siwezi kuangalia."