Muhuri Ndani ya Mtungi wa Achari

Jumatatu, 2 Machi
Loo! Mahakama imemteua wakili, Bi Ruan, ashike kiwanda changu cha miavuli, eti kimefilisika. Kaingia saa mbili asubuhi, kavaa raba, kaniambia nimpishe kwenye kiti. Kiti changu! Akataka muhuri wa kampuni, ule wa duara, wa wino mwekundu. Nikamwambia umepotea. Hapa Shaoxing, Uchina, karatasi isiyo na muhuri ni ya kufungia maandazi tu, kwa hiyo bila mimi hasogei. Nimeuzamisha kwenye mtungi wa achari ya figili. Mimi si wa mchezo.

Jumanne, 3 Machi
Nimeshinda nyumbani nikinywa chai, nasubiri Ruan aje kunipigia magoti. Hakuja. Aliyekuja juu ni mke wangu, Suqin: figili zimekuwa nyekundu, nimetia nini? Nikasema pilipili. Akaonja. Akaniangalia mpaka nikaona haya.

Jumatano, 4 Machi
Siamini! Ruan katangaza gazetini kwamba muhuri wa zamani umebatilishwa, kapita polisi, kachonga mpya. Asubuhi moja! Eti sheria inaruhusu. Sheria gani hiyo? Mzee Geng, mlinzi wa getini, akaniuliza mbele za mafundi: Bosi Zhuo, ule wa kwako sasa si umpe mjukuu achezee? Wakacheka wote. Nimewaandika majina.

Alhamisi, 5 Machi
Ruan kaniita. Nikajua nakwenda jela. Kumbe! Anasema kiwanda kinaweza kufufuliwa badala ya kuuzwa vipande vipande. Wanaotudai watapiga kura kesho, na mimi naweza kubaki mkuu wa uzalishaji. Sharti moja tu: nisifiche kitu, nisibuni kitu. Nusura nilie. Miaka kumi na tisa ya miavuli! Nikaapa.

Halafu nikawaza, kura zisipotosha je? Nikaandika mkataba wa miavuli elfu themanini na mteja ambaye hajazaliwa bado, nikautia tarehe ya mwezi uliopita, muhuri wa zamani ulipokuwa bado halali. Ulihitaji muhuri. Nikaenda kwenye mtungi.

Ijumaa, 6 Machi
Nimekwisha! Ruan kaunusa mkataba kabla hajausoma. Akawapitishia wanaotudai, nao wakaunusa, mmoja mmoja. Kiwanda kimepona, kura zilikuwa zinatosha tangu mwanzo. Aliyetolewa ni mimi. Miaka mitatu nisiongoze kampuni yoyote! Na mkuu wa uzalishaji ni nani? Suqin! Mke wangu wa ndoa!

Nyumbani nikamwambia amenisaliti. Akaniuliza: Baba Yiyi, miaka yote hiyo ulidhani nani anaendesha kiwanda? Imeniuma kweli.

Jumamosi, 7 Machi
Nimepata! Sheria imenikataza mimi, haijamkataza mama mkwe. Ana miaka themanini na moja. Kampuni mpya itakuwa kwa jina lake. Nitamwambia atie sahihi, eti ni fomu ya kupewa mayai ya bure, kama zile za dukani anazopangia foleni kila wiki. Trei mbili nimeshanunua.

Hawa wanasheria wanajifanya wajanja! Bila miwani yule mama hasomi hata herufi moja. Na miwani nimeshaificha.