Kituo cha Basi Mbele ya Duka Langu

Jumatatu, 4 Novemba 2013

Mambo yameiva. Asubuhi kaja bibi mmoja wa manispaa, koti jekundu, viatu vya tope. Kaeleza: hapa Toronto reli mpya inachimbwa, kituo cha basi cha pale kona kinahamishwa. Kitakaa upande wetu wa barabara mpaka ujenzi uishe. Na hawa wakichimba, hawana haraka! Ama mbele ya duka langu, ama mbele ya duka la Dolat. Wenye maduka tukubaliane wenyewe Jumamosi, kikao maktabani, kila duka kura moja.

Nikikikosa kituo hiki nimekwisha. Nasema wazi kwa kuwa humu hakuna anayesoma. Tangu barabara ya Weston ifumuliwe, mteja simwoni. Nauza masanduku ya safari, sufuria, khanga na kadi za simu, na siku hizi hata bibi kizee anapiga simu Dodoma bure. Almina, mke wangu, kasema bila kituo tunafunga duka. Kasema huku anakata vitunguu, wala hakuinua kichwa.

Huyu Dolat ni mjane wa Kisumu, mlango wa tatu kutoka kwangu. Anauza chai, kachori na bajia. Bajia zenyewe ndogo, bila miwani huzioni. Yeye humwita kila mtu "mwanangu", hata mimi niliyemzidi umri. Watu wanampenda. Watu hawana akili.

Jumanne, 5 Novemba

Nimeamka na wazo. Wazo kubwa! Watu wakionekana wamekaa mbele ya duka langu kusubiri, kura itajipiga yenyewe. Nimetoa benchi stoo, nimelifuta, nimeliweka mlangoni. Juu yake nimetundika khanga, kuleta rangi.

Saa nne benchi limejaa. Nimecheka peke yangu. Kisha nikatazama vizuri. Wote wanakula bajia! Dolat hakuwa na pa kuwakalisha wateja. Sasa anapo. Jamaa mmoja kafutia mafuta ya mikono kwenye khanga. Nilipomkaripia kaniuliza kama nina pilipili.

Jioni kapita binti yangu, Shahnaz. Nikamweleza mpango mzima kwa Kiswahili fasaha. Kajibu kwa Kiingereza kwamba nimemfungulia Dolat mgahawa. Mtoto nimemzaa mwenyewe!

Jumatano, 6 Novemba

Leo siasa. Chelagat, Mkenya wa saluni, ana kura moja, lakini mdomo wake una kura nyingine tano. Nimempelekea zawadi, sanduku la safari. Zipu ikakwama mbele yake. Nikavuta. Ikabaki mkononi mwangu. Kashukuru, kasema atafugia kuku.

Halafu kaniuliza, kwa ule upole wake wa kuudhi, kama namjua mtoto wake kwa jina. Nikasema namjua. Akangoja. Nikangoja pia. Ndipo akanieleza kwamba alipolazwa hospitali, Dolat ndiye aliyekaa na huyo mtoto, akimlisha na kumlaza. Basi hapo! Mtu analea mtoto wa watu, kumbe anatafuta kura. Ujanja wa kiwango hicho siuwezi, mimi ni mtu mwaminifu.

Alhamisi, 7 Novemba

Mungu si Athumani! Duka la Dolat limefungwa kutwa. Taa zimezimwa, mlangoni hakuna hata kikaratasi. Wateja wake wakanijia mmoja mmoja kuuliza.

Ningeweza kusema sijui. Ndiyo kweli, sikujua. Lakini nafasi kama hii haiachwi. Nikasema kapata habari za ghafla kutoka kwao, anasafiri, wala hatarudi karibuni. Sauti nikaishusha, ili ionekane ni habari ya ndani. Nia yangu ilikuwa safi: duka lisilo na mwenyewe litapewa kituo cha nini?

Otilia, fundi cherehani wetu wa Bukoba, kashika kifua. Kauliza ni nani. Nikatazama dari. Kauliza, wa karibu? Nikasema wa karibu sana, kwa sababu sikuelewa anauliza nini na nilitaka aondoke. Kasema "Jamani!" katoka mbio. Wengine nao walisikitika, wakatikisa vichwa, wakasema pole. Watu wa heshima kabisa leo. Nimekula vizuri.

Ijumaa, 8 Novemba

Balaa! Nilisahau kwamba kwetu sisi mtu akipata habari za ghafla kutoka nyumbani, habari hizo huwa ni za aina moja tu.

Saa tatu asubuhi kafika Otilia, kajitanda khanga, sufuria ya wali mkononi. Nyuma yake Chelagat, saluni kaifunga, chapati tele kwenye beseni. Nyuma yao watu wa mitaa ya mbali, wa Thorncliffe, wa Vaughan, watu nisiowajua kabisa. Wamekuja kuhani kabla mfiwa hajapanda ndege! Wakanizunguka mimi mwenye habari, wakataka kujua marehemu ni nani. Ningefanyaje? Nikasema mjomba. Wa Kisumu. Kaugua siku nyingi.

Mara huyo Dolat anakuja. Shavu limevimba, macho mekundu, machozi yanamtoka, mdomo una ganzi hata neno halitamkiki. Kumbe jana alikuwa kwa daktari wa meno, na leo asubuhi mapema karudi kung'olewa jino. Mfiwa kamili! Vilio vikapanda. Yeye anatikisa kichwa kukataa. Wao wanamkumbatia, wanamwambia ni kazi ya Mungu, asibishane nayo.

Kisha wakaingia dukani kwangu. Sufuria, vikombe, mikeka, khanga. Msibani jirani hutoa alichonacho, na bei haitajwi. Ningeitaja mimi? Mimi niliyetangaza msiba? Wakabeba na benchi, wakaliweka mlangoni kwa Dolat. Mimi nikapewa birika, niwahudumie wageni.

Katikati ya hayo kapita yule bibi wa manispaa. Kaona watu wamejaa kutoka mlangoni hadi barabarani, wengine wamekaa, wengine wamesimama, wote wametulia. Kapiga picha. Kasema hajapata kuona mahali panapofaa kituo namna hii. Nikammiminia chai.

Saa nane ganzi ikaisha. Dolat kasema hana mjomba Kisumu, hajafiwa, ameng'olewa jino. Macho yote kwangu. Chelagat kaanza kukunja mikono ya sweta. Dolat, kitambaa shavuni, kasema niachwe, mwanawe huyu husikia vibaya, na wali usipoe. Wakacheka. Wakala mpaka magharibi. Nimesamehewa! Mbele za watu! Heri angenitukana.

Jumamosi, 9 Novemba

Kikao. Kura zote kwa Dolat. Zote!

Yangu sikuipiga. Duka limeandikishwa kwa jina la Almina, mambo ya zamani, hayana haja hapa. Kura basi ni yake. Kanyoosha mkono kwa Dolat bila hata kunitazama. Njiani nikamuuliza kwa nini kalizika duka letu. Kasema duka nimelizika mimi, yeye kaleta ubani tu.

Nimerudi dukani, nikakaa katikati ya masanduku, taa sikuwasha. Sufuria hizi ndizo zilizomsomesha Shahnaz. Hapa ndipo nilipoijua baridi ya Toronto, na hapa watu walinijua mimi. Nilitaka kulia. Sikulia, lakini nilitaka.

Jumatatu, 11 Novemba

Almina na Dolat wamepeana mikono, mimi sikuulizwa. Mwisho wa mwezi tunafunga. Bidhaa zinahamia kwa Dolat, rafu za nyuma, jirani na jiko, na mimi nahamia pamoja nazo. Dolat kasema nafasi ipo, na abiria wakisubiri basi watanunua sufuria. Huruma tupu. Mwanamke huyu hana habari na biashara!

Leo nimekaa kwenye hiyo pembe yangu, nikalipima duka la Dolat kwa macho. Duka zuri. Kasoro yake ni mwenyewe tu. Nimefikiri sana, na kosa langu sasa nimelielewa. Kosa lilikuwa msiba. Msiba unakusanya watu.

Kwa hiyo jioni nimemnong'oneza Otilia, siri kubwa, asimwambie mtu: Dolat anaolewa na tajiri wa Vancouver, anahamia huko, duka ananiachia mimi. Harusi ya mbali! Nani atakuja hapa kuhani harusi? Otilia kapiga kigelegele palepale, kauliza sare ni rangi gani. Nimemwambia kijani. Rangi tu, haina madhara.